Baya Kwanza

12 Juni

Joto limeingia Ibra, huku Oman, bila hodi. Nilipotoka sakani, jengo la makazi ya wauguzi, mchana kwenda kungoja basi la hospitali, kitasa cha mlango kiliniunguza kiganja, nikatamka neno ambalo mtu aliyelelewa Chake Chake hapaswi kulitamka mbele za watu. Kwa bahati watu wenyewe hawapo. Jengo letu lina wauguzi wa Kihindi ghorofa ya juu, wa Kifilipino ghorofa ya kati, na chini nipo mimi, Mpemba peke yangu, jirani wa chumba cha kufulia. Wao hupika pamoja. Harufu ya vitunguu vyao hunifikia kila jioni, nayo ndiyo karamu yangu.

Huu ni mwaka wa tatu.

13 Juni

Mapumziko. Nimefua. Dada yangu Kidawa kapiga simu kutoka Chake, kasema wote salama, na mwanangu Hafidh anakula vizuri. Nami nikasema salama.

15 Juni

Kitanda cha nane kimepata mtu, na mtu huyo anazungumza Kiswahili. Nimeliandika hilo kabla ya lolote kwa sababu ndilo lililonifurahisha, ingawa muuguzi mwema angeanza na kidonda.

Anaitwa Bi Rehana binti Musabbah, kikongwe mwembamba aliyezaliwa Malindi, Unguja, akaletwa huku angali mwari. Wiki iliyopita alivuka ua wa nyumba yake jua la mchana bila viatu. Sakafu ikamuunguza wayo wa kushoto, naye asijue, maana sukari ilishamtia ganzi miguuni siku nyingi. Mwanawe Azzan, anayefanya kazi Muscat, alikuja Ijumaa kuwatazama mama na mkewe ndipo akasikia harufu. Daktari Qusai amemweleza Azzan mbele yangu bila kuzunguka: mishipa ya mguu ule imekuwa myembamba, kidonda kikienda vibaya watakata, na wakianza kukata hawajui wataishia wapi.

Nilimwamkia shikamoo. Akafumbua macho, akaniitikia marahaba, akataka kujua mimi mtu wa wapi. Nikamwambia Chake.

"Mpemba," akasema. "Basi nimekwisha. Utanifungulia duka hapa hapa kitandani."

Kisha akanivuta mkono mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake. "Sikiza, mwanangu. Wanangu sikuwaambia, wataanza kulia. Mguu wangu sitaki ukatwe. Kila dhuha mimi nakwenda kwa jirani zangu kunywa kahawa, nabisha hodi kwa mkono wangu, narudi kwa miguu yangu. Mtu asokwenda kwa watu, watu humjia na maneno mazuri tu. Wallahi sitaki kuishi kwa maneno mazuri."

Nikamwambia tutaulinda. Nimeshawaambia wagonjwa wengi hivyo, lakini leo nilimaanisha.

17 Juni

Kidonda vilevile. Nikimuuliza Bi Rehana hali, hujibu alhamdulillahi. Akiulizwa na daktari, alhamdulillahi. Jana alijibu hivyo hivyo mtu wa kufagia.

18 Juni

Jumatano, soko la wanawake. Nilikwenda kununua pilipili na kusikia sauti za watu. Nimenunua pilipili.

21 Juni

Niandike kuhusu Widad, muuguzi mwenzangu, kwa sababu mwaka wa kwanza nilidhani ana maringo, kumbe ni kuona haya tu. Ni binti wa shamba la nje ya mji, na siku hizi kwao wanachemsha tende. Huku Sharqiyah, mkoa wetu huu, tende za aina fulani huchemshwa kwenye masufuria makubwa kisha zikaanikwa, na nyumba nzima huhamia motoni. Widad huja kazini mtandio wake unanuka moshi. Ni mtu pekee wodini anayemuuliza Hafidh wangu kwa jina.

Tunavyopokezana zamu mimi na yeye, wenzetu wa Kihindi hutucheka. Hunipa mkono, huniuliza, "Ulumkum?" yaani habari zenu, nami hujibu hakuna habari ila salama. Namuuliza zake, naye hujibu salama. Watu wa hapa hata nyumba ikiwa imeungua, mwenye nyumba huanza kwa salama, akamimina kahawa, na kikombe kikishawekwa chini ndipo moto ukasimuliwa. Mimi sikustaajabu nilipofika. Kwetu nako mtu akiulizwa habari za asubuhi hujibu njema, ndipo aongeze kuwa ametoka kuzika. Basi sisi wawili husalimiana kama masheikh wawili barazani, tukanywa kikombe kimoja kimoja kutoka chupa yake pale kaunta, kisha ndipo tukaeleza kitanda baada ya kitanda. Wahindi wao huanza na presha na sukari mtu hajavua hata mkoba. Mimi huona yetu ni adabu. Mtu humtwishi mzigo wako kabla hajatua wake.

24 Juni

Nisipoandika sitalala.

Alfajiri nilifungua bendeji ya Bi Rehana. Kidole cha pili kilikuwa baridi na rangi imeingia zambarau. Nilimuuliza kama kinauma, akasema alhamdulillahi. Nikamwita daktari wa zamu. Alitazama, akaniagiza nimwambie muuguzi wa asubuhi akifungue tena mara baada ya chai, na kikiwa kimezidi amwite Qusai papo hapo, asingoje mzunguko wa madaktari. Niliandika kwenye kompyuta kama tunavyoandika yote, na yote hayo hayasomwi mpaka watu wamalize kuosha vidonda. Neno lenyewe lilikuwa la kupita mdomoni mwangu kwenda sikioni mwa Widad.

Widad alichelewa, walikesha kwenye masufuria. Alinipa mkono, akaniuliza habari, nikasema salama. Nikamuuliza zake, akasema salama. Akafungua chupa ya kahawa. Hajamimina, tukasikia kishindo: mgonjwa wa kitanda cha tatu ameanguka chooni. Tukakimbia sote, tukambeba, tukamfunga kipaji cha uso kilichopasuka. Nje basi la sakani likawa linapiga honi, na dereva wetu hata muuguzi mkuu hamngojei. Widad, mikono yake ina damu ya mtu, akaniambia nenda, si umesema salama, mengine nitayaona mwenyewe.

Nami nikaenda. Miguu ilikuwa imenivimba, na ile habari kichwani mwangu ilikuwa kama nimeshaisema, kwa sababu mambo yote ya kuisema yalikuwa yamekwisha: mkono tumepeana, salamu tumemaliza, chupa imefunguliwa. Kilichobaki kilikuwa kikombe tu. Nilipanda basi nikasinzia kabla hatujatoka getini.

Alasiri niliamshwa na simu ya Sista Mahbouba, mkuu wa wodi. Widad alimuuliza Bi Rehana asubuhi, akajibiwa alhamdulillahi. Bendeji ilikuwa safi, nimeifunga mimi mwenyewe, tena vizuri mno, akaona hakuna sababu ya kuifungua. Wa jioni ndiye aliyeifungua. Vidole viwili vilikuwa vyeusi.

25 Juni

Wamekata vidole viwili. Daktari Qusai amesema wameishia hapo kwa sasa. Hilo "kwa sasa" amelisema mara mbili.

27 Juni

Sista Mahbouba hapandishi sauti, na leo ningependa angepandisha. Alituita ofisini, akauliza kila mmoja aliambiwa nini.

"Aliniambia salama," Widad akasema.

Nikasema ni kweli, lakini Widad anajua salama ile ni ya namna gani. Ni ya adabu, si ya mgonjwa. Yeye mwenyewe huisema kila siku, na mimi hungoja kahawa ndipo nisikie yaliyomo. Sista Mahbouba akamgeukia.

"Salama ni salama," Widad akasema, akitazama ukuta.

Tumeonywa sote wawili. Tulipotoka nilimwita jina lake ukumbini. Hakugeuka.

28 Juni

Nimemweleza Bi Rehana yote. Angejua kwa wengine, na wengine wangeitia chumvi. Nilitegemea anifukuze. Alikaa akiutazama mguu uliofungwa, mfupi kidogo sasa kuliko wa pili.

"Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," akasema. "Mimi vidole vyangu vimekwenda kwa kujikwaa ndimi za watu watatu."

Nikamwambia tulikuwa wawili.

"Watatu. Mguu niliusikia unakuwa mzito kama si wangu. Nikaulizwa, nikasema alhamdulillahi. Ningesema nini, na binti wa watu kaja kaniuliza kwa adabu?" Akanigusa shavu. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Haya, nenda kafanye kazi yako, usinililie hapa, nitalowa."

2 Julai

Widad kapokea zamu kwangu. Kaandika, hakunitazama. Chupa ya kahawa hakuileta.

3 Julai

Vilevile.

5 Julai

Nyuzijoto arobaini na saba. Vilevile.

8 Julai

Sista Mahbouba ametoka kwenye semina Nizwa na fomu ya kupokezana zamu, ina visanduku vya kujaza. Tumeijaza vizuri. Kwenye kisanduku cha mabadiliko ya mgonjwa, wodi nzima imeandika hakuna. Kisha watu wakapeana mikono wakasema salama.

Kidawa kapiga. Nilitaka kumwambia. Nikamuuliza bei ya samaki.

14 Julai

Mkutano wa wodi, chumba cha chai, watu wamejibana mpaka mlangoni. Sista Mahbouba aliuliza kwa nini fomu zote zinafanana na za mtu mzima wa afya. Kila mtu akatafuta kitu cha kutazama. Wahindi wakatazama viatu vyao, Wafilipino wakatazama saa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema jambo, lakini nani atamsikiliza aliyepoteza vidole vya mtu?

Aliyesema ni Widad, na alisema kwa hasira, kama mtu anayetapika kitu kilichomkaa siku nyingi. Alisema fomu haina kosa. Sisi ndio tumefundishwa tangu utotoni kwamba kumpa mtu habari mbaya kwanza ni utovu wa adabu, na fomu haiwezi kushindana na mama zetu. Basi tukatazwe. Salamu zote ziishie mlangoni. Tukishafika kitandani asiwepo wa kusema salama. Anayetoka aanze na baya, hata kama baya lenyewe ni kwamba mgonjwa hakupenda uji. Wote wawili waguse pale penye ugonjwa. Anayeingia arudie alichoambiwa neno kwa neno, na asiporudia, anayetoka asiondoke, hata basi likipiga honi mpaka lipasuke.

Aliposema basi, ndipo aliponitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni.

Sista Mahbouba kasema tujaribu mpaka mwisho wa msimu wa tende, tuanze na kitanda cha nane. Nimerudi sakani nikiwaza kwamba ile "salama ni salama" pengine hakuisema kwa kunichukia. Pengine alikuwa anaogopa tu, kama mimi. Lakini hakuniaga.

16 Julai

Siku ya kwanza imeharibika. Mimi natoka, Widad anaingia. Tumesimama huku na huku kitandani, nikasema baya kwanza: kidonda kimetoa maji mengi, na ngozi ya juu ya vidole vilivyobaki ni nyekundu. Azzan alikuwa pale na mkewe Wasan, aliyekuwa amesimama mbali na mtandio puani. Azzan akasimama. Alisema kwa upole wa mtu anayejizuia kwamba hatumruhusu mama yake hata apate mwanga wa asubuhi, tunamsomea maovu kichwani, na maovu yakitajwa huja.

Jibu likatoka kwenye mto. Bi Rehana alisema na mwanawe kwa Kiarabu kwamba ametajiwa mema mwezi mzima na vidole vimekwenda na hayo mema. Kisha akatugeukia sisi kama mwalimu wa chuo cha Kurani. Tuanze na bismillahi, akasema, ndipo baya, na anayepokea akimaliza aseme istalamt, nimepokea, kama mtu anayepokea amana mkononi. Amana haitupwi.

Azzan akaketi. Widad akarudia maneno yangu yote. Akaweka kiganja chake kwenye mguu, na changu kilikuwa bado kipo. Alisema istalamt. Sikumbuki lini mara ya mwisho mkono wa mtu asiye mgonjwa uligusana na wangu kwa muda mrefu hivyo.

17 Julai

Bismillahi. Baya kwanza. Istalamt.

20 Julai

Vitanda vingine vimeanza kufuata. Mhindi mmoja, mzee wa kazi, kaniambia kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba sasa na yeye amegundua wagonjwa wake wana miguu.

22 Julai

Siku nzima sijazungumza na mtu ila wagonjwa. Nimehesabu nikiwa natoka: aliyeniita jina langu, Saliha, ni Widad, kwa sababu sheria inataka kutaja jina la anayekabidhi. Ndiye mtu ninayesema naye kila siku, na hatusemezani.

29 Julai

Nimesikia jambo. Nilikuwa namlisha Bi Rehana uji, anagoma, namwambia mgonjwa haulizwi uji, ananiambia wa kwetu Pemba ndio hawaulizwi. Kisha akasema hivi hivi tu, kama anayesimulia habari za jirani, kwamba yule mwenzangu huja siku zake za mapumziko. Huingia na nguo za nyumbani, huvua saa, humshika mguu, husimama kidogo, huondoka. Hajamwambia mtu. Na amemuomba amfundishe maneno: baridi, moto, mzito, unachoma. Eti Bi Rehana akisinzia hupotewa na Kiarabu, naye anaogopa mgonjwa asije akasema kitu ikiwa mimi sipo.

"Matamshi yake mabaya," Bi Rehana akasema. "Asema 'muzito'. Lakini asikia."

Nilimaliza kumlisha, nikaenda stoo ya mashuka nikasimama humo. Wiki zote hizi nimemwandika Widad katika kurasa hizi kama mtu aliyenikimbia, kumbe tulikuwa tunakesha juu ya mguu mmoja, kila mtu kwa wakati wake. Hilo lingenifariji. Badala yake limenifanya nione upweke zaidi, kwa sababu hata sasa sijui nimwanze vipi.

30 Julai

Sikumwanza.

9 Agosti

Nilikuwa na mapumziko ya siku mbili. Nimelala, nimepika ndizi, nimekula, nimeosha sahani. Leo nimerudi zamu ya mchana, Widad ananikabidhi.

Bismillahi, akasema. Baya kwanza: Bi Rehana hakula chakula tangu jana jioni. Mguu vilevile, haujabadilika tangu juzi.

Nikaweka kiganja. Ulikuwa baridi. Si vidole tu. Baridi ilikuwa imepanda ikavuka kifundo.

Nikasema, "Kwangu si vilevile."

Widad angeweza kubisha. Ameushika mguu ule asubuhi nzima, na mimi nimetoka kulala. Alinitazama, akaondoa mkono wake, akausugua kwenye sare mpaka ukapata moto, akaugusa kwanza mguu wa kulia, mzima. Kisha akarudi wa kushoto. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Nimeuzoea," akasema taratibu. "Ulikuwa unapoa kidogo kidogo mkononi mwangu, nami napoa nao."

Hilo sikulijua, wala kwenye fomu ya Nizwa halimo. Tulidhani anayetoka ndiye anayejua na anayeingia hajui. Kumbe anayetoka ameshazoea, na anayeingia ana mkono mpya. Bi Rehana alikuwa macho, anatusikiliza. Widad akainama, akamuuliza kwa Kiswahili chake kibovu, "Muzito?"

Bi Rehana akafungua mdomo. Nikaona ile alhamdulillahi ikija, nikaiona ikisita. "Mzito," akasema. "Na unachoma, mwanangu, tangu usiku unachoma, huku juu kwenye shavu la mguu. Sikutaka kuwaamsha watu."

Tukamwita Daktari Qusai kutoka chakulani. Alitafuta mapigo nyuma ya kifundo kwa kidole, kisha kwa mashine, asiyapate. Alisema mshipa umeziba, na kama haukufunguliwa leo mguu utakatwa chini ya goti. Hapa Ibra hakuna wa kuufungua. Muscat wapo. Gari la wagonjwa liliondoka kabla ya alasiri, na Widad ndani, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha. Bi Rehana alinishika kidole alipopandishwa. Hakusema kitu cha hekima. Alisema anaona kiu.

Nimebaki na wodi. Wagonjwa wengine nao wana haki yao, nimewahudumia. Sasa nipo chumbani, ghorofa ya juu wanacheka. Nimeiweka simu kifudifudi mezani, nimeigeuza, nimeiweka tena.

10 Agosti

Ujumbe wa Widad umeingia wakati nachemsha chai:

"Saliha. Baya kwanza: mshipa mdogo wa pembeni umewashinda. Mkubwa umefunguka. Mguu upo, una joto, nimeushika. Rudia."

Niliketi sakafuni jikoni. Nikamwandikia yote kama alivyoniandikia, neno kwa neno, na mwisho nikaweka nimepokea. Nililia, sufuria ikakaukia, sasa chumba kizima kinanuka majani ya chai yaliyoungua.

20 Agosti

Amerudi kitanda cha nane. Kakonda. Kanitazama, kasema huko Muscat hakuna Mpemba hata mmoja, ndiyo maana hawana maduka mazuri.

21 Agosti

Bismillahi. Baya kwanza. Istalamt. Widad ana mafua.

24 Agosti

Ametembea mpaka dirishani, mkono mmoja begani kwangu. Sista Mahbouba amesema sheria ya kitanda cha nane sasa ni ya wodi nzima, msimu uishe usiishe. Watu wamepiga makofi. Nilitaka kumgeukia mtu fulani nikutane macho naye, lakini alikuwa ameshakwenda kumpa mtu dawa.

Kidawa kapiga. Salama, nikamwambia.

28 Agosti

Leo Bi Rehana ameondoka na mguu wake.

Azzan alileta gari mpaka mlangoni. Bi Rehana alikataa kuinuliwa. Alishuka kwenye kiti cha magurudumu, akakanyaga chini kwa kiatu kipana tulichomchagulia, akapiga hatua zake mwenyewe mpaka kwenye gari, Azzan amemfuata mikono imetanda nyuma yake kama anafukuza kuku. Akaketi kiti cha nyuma, miguu nje.

Tulikuwa bado hatujamkabidhi. Anayempokea ni Wasan, mkwewe, yule wa mtandio puani. Widad alipiga magoti upande mmoja, mimi upande wa pili, tukaufunua mguu hapo hapo juani. Nikasema bismillahi. Baya kwanza: vidole viwili havipo, mshipa mmoja haukufunguka, na yeye mwenyewe atasema alhamdulillahi hata ukiwa unawaka, basi asiamini mdomo wake, aamini mkono. Ukipoa amlete siku hiyo hiyo, asingoje Azzan arudi kutoka Muscat. Wasan alisita. Kisha akashusha mtandio, akaweka kiganja. Akarudia yote, hakusahau hata moja. Istalamt, akasema.

Nikainuka kujipangusa magoti. Bi Rehana hakuniachia mkono.

"Na wewe, Mpemba, umekabidhiwa kwa nani?"

Nikacheka. Nikamwambia mimi salama, Bi, alhamdulillahi.

"Sikukuuliza salama. Baya kwanza."

Azzan alikuwa na funguo mkononi. Jua lilikuwa kali, na Widad alikuwa amesimama kando asielewe tunachosema. Ningeweza kufanya mzaha, na mzaha nilikuwa nao tayari. Lakini mwanamke huyu aliniambia mguu unachoma wakati miaka themanini ya adabu ilikuwa inamkataza.

"Ninakula peke yangu, Bi," nikasema. "Mwaka wa tatu. Dada yangu akipiga simu namwambia salama, na si salama. Na wewe ukiondoka sina tena mtu hapa."

Hakunipa pole. Alimgeukia Widad, akamwambia kwa Kiarabu polepole, bila kupunguza wala kutia sukari, vile vile tunavyokabidhi kitanda. Huyu anakula peke yake, mwaka wa tatu, huwaambia watu wake salama na si salama. Kisha akangoja.

Sikujua niweke wapi uso. Widad akaupangusa mkono wake kwenye sare, akanishika kifundo cha mkono, hapo tunapopimia mapigo.

"Saliha anakula peke yake," akarudia. "Mwaka wa tatu. Huwaambia watu wake salama, na si salama."

Akasita kidogo, kuhakikisha hakuna alichosahau.

"Istalamt."